Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa vipimo vya nyumbani

Wanachama wenzangu habarini, poleni na joto. Hesabu atasoma mhazini, mimi naenda kwenye kitu kilichotuchukulia muda mwingi mwaka huu, vile vipimo vya nyumbani vinavyotuma majibu kwa simu.

Mnajua hali yetu, ukifanyiwa oparesheni pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete unakaa wodini waya kibao kifuani kila kitu kinasomwa kwenye skrini, alafu unaruhusiwa unarudi zako Songea au Bukoba na kuanzia hapo anayekuangalia ni shemeji yako tu, wakati mfupa wa kifua wenyewe unataka wiki 6 mpaka 8 kuunga. Mapigo kwenda ovyo huwapata karibu theluthi ya waliofanyiwa oparesheni ya moyo, wengi siku ya 2 mpaka ya 4, ila wapo yanaowakuta washafika nyumbani na mwingine hasikii chochote. Kibandiko cha kifuani au saa inayochora mapigo inaweza kuliona hilo kabla damu haijaganda ikaleta kiharusi.

Sasa kila mtu anataka saa. Jamani. Kamati tumebishana mpaka tukachoka na msimamo ni mizani kwanza. Unapanda kila asubuhi ukishatoka chooni kabla ya chai, ikipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 huo sio ubwabwa, ni maji yanajaa mwilini, piga simu kliniki usisubiri miguu ivimbe. Zipo za bluetooth zinatuma zenyewe ila hata ya kawaida ukiandika namba kwenye meseji kazi ni ile ile.

Wenye valvu za chuma, hakuna saa wala kibandiko kinachosoma INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, inafuatiliwa kwa damu, iwe maabara au ile mashine ndogo ya kutoboa kidole, basi.

Kile cha kubana kidole cha kupima oksijeni, kina mama toeni rangi ya kucha na piko kwenye kidole hicho maana vinakichanganya. Na utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa watu weusi kinashindwa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu, kwa hiyo kikisema asilimia 96, yaani oksijeni iko sawa, na wewe unahema juu juu, amini kifua chako uende hospitali.

Kilichotuumiza kichwa hasa ni nani anasoma hizo namba. Kuna mfanyabiashara alitufuata na ofa ya vifaa, vizuri tu kwa macho, tukamuuliza alamu ikilia saa 8 usiku nani anapokea, akajibu programu inageuka rangi nyekundu. Tukamwambia asante. Kwa hiyo tumekubaliana, kabla ya kuazimwa kifaa ukae na daktari wako akuandikie namba zako za hatari na nani apigiwe, bila karatasi hiyo hupewi. Na majibu ya mtu hayarushwi kwenye grupu bila ridhaa yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, tusije tukapelekana pabaya.

Vifaa viko kwa katibu, wanaanza waliotoka wodini karibuni na wanaokaa mbali, wa Dar mtavumilia. Bando kila mtu anajinunulia, chama hakina hela hiyo.