Kiwanda kikisaidiwa na serikali, wananchi waonyeshwe mkataba

Mhariri,

Uchaguzi ukikaribia, wanasiasa wanaoshuka Pwani huja na ahadi ile ile: viwanda vitafufuliwa. Changamwe hutajiwa kiwanda cha kusafisha mafuta, Kilifi hutajiwa korosho, Kwale hutajiwa miwa. Mimi si katika wanaosema serikali ikae mbali na viwanda. Isaidie, tena kwa nguvu, kwa sababu vijana wa Mombasa hawawezi wote kuishi kwa bandari na watalii. Ninalolilia ni moja. Kila kiwanda kinachopewa fedha za umma, kinachosamehewa kodi au kinachokingwa na sheria kifungwe kwa masharti yaliyoandikwa, na masharti hayo yachapishwe tuyasome.

Tazama kile cha mafuta hapo Changamwe. Kilianza kazi mwaka 1963, na kwa miaka mingi kililindwa vilivyo: kampuni za mafuta zililazimishwa kusafishia hapo sehemu ya mafuta ghafi, hata zikilalamika kuwa ni ghali kuliko kuagiza yaliyo tayari. Gharama hiyo tuliilipa sisi, kwenye petroli na kwenye mafuta ya taa. Kinga ilikuwapo lakini mitambo ikazidi kuzeeka. Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa, watu wakatumaini mitambo mipya. Mwaka 2013 Essar ikasema kukikarabati hakuna faida, usafishaji ukasimama, na mwaka 2016 serikali ikazichukua tena hisa zile. Siku hizi matangi yanahifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine. Wenzetu waliokuwa mafundi pale walitawanyika, na ujuzi wao ukaenda nao.

Ninayoyajua zaidi ni ya nguo, maana nimefanya kazi ya kushona katika viwanda vya EPZ, yaani maeneo maalum ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje ya nchi, upande wa Changamwe na Mikindani. Sheria ya mwaka 1990 iliyoanzisha maeneo haya inampa mwenye kiwanda miaka 10 bila kodi ya mapato, kisha miaka 10 mingine kwa asilimia 25. Kwa msaada huo wanawake wengi wa mji huu wamelea watoto, wamelipa karo na kodi ya nyumba. Siudharau hata kidogo.

Ila watu wajue kazi yenyewe ilivyo. Unakaa kwenye laini, kila mtu na kipande chake: huyu mfuko, yule zipu, mwingine mkanda wa suruali. Tageti ya saa imeandikwa ubaoni mbele yenu. Sindano ikivunjika, unasimamisha cherehani, unatafuta vipande vyote mpaka cha mwisho, vinabandikwa kwenye karatasi kwa selotepu na kuandikwa daftarini, kwa sababu mnunuzi wa Marekani hataki ncha ya chuma ibaki ndani ya nguo ya mteja wake. Kipande kisipoonekana, bando zima linakaguliwa upya. Muda unaopotea hapo haupunguzwi kwenye tageti. Asubuhi langoni kuna wanawake wengine wamesimama wakingoja kibarua cha siku, na supavaiza anajua kwamba wewe pia unawaona.

Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilibadilisha jina. Tuliitwa, tukaambiwa kampuni ile imekwisha na hii ni nyingine, tukasaini mikataba mipya. Mashine zilikuwa zile zile, supavaiza yule yule, hata mistari ya rangi sakafuni haikuguswa. Miaka yetu ya utumishi ndiyo iliyorudi sifuri. Manung'uniko ya namna hii yamesikika kwa muda mrefu nchini, kwamba wako wanaomaliza miaka yao ya msamaha wa kodi wakaibuka upya kwa jina geni. Kama kungekuwa na mkataba uliochapishwa, wenye idadi ya ajira, ngazi ya mishahara na tarehe ya mwisho wa msamaha, mfanyakazi au diwani yeyote angeweza kuushika na kuuliza.

Haki niseme, wenye viwanda nao wana kilio cha kweli. Bili ya umeme inawabana, marejesho ya VAT yanacheleweshwa, na soko lao kubwa limetegemea mpango wa AGOA, ambao Marekani huzipokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ulioanza mwaka 2000 na kufikia kikomo tarehe 30 Septemba 2025. Mnunuzi wa Marekani huagiza nguo miezi mingi kabla. Mpango ukining'inia, oda hupungua hata kabla ya siku yenyewe kufika, na anayeambiwa akae nyumbani kwanza ni mama wa laini. Hata ukiongezwa mwaka mmojammoja, nani atanunua mashine mpya kwa uhakika wa namna hiyo?

Siasa nazo zimeingia kwenye mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ilipotishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, Kenya ilijitoa mwaka 2017. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Kisha kampeni za 2022 zikaja, mitumba ikawa rungu la kupigana jukwaani, huyu akidaiwa kuidharau na yule akijitangaza mtetezi wake. Nina jamaa wanaofungua marobota ya mitumba sokoni Kongowea, na sitaki mtu awafungie biashara ili mimi nipate kushona. Lakini katika makelele yote yale sikusikia mpango wa pamba ya Lamu na Hola, wala wa kitambaa, wala wa kiwanda cha kuzifanya nyuzi. Suruali tunazoshona kwa ajili ya Marekani, kitambaa chake kwa sehemu kubwa huja kwa meli.

Ahadi zenyewe zina tarakimu. Ajenda Nne Kuu, mpango wa serikali wa Desemba 2017, ilitaka viwanda vichangie asilimia 15 ya pato la taifa ifikapo 2022. Mwaka huo ulipofika, tulikuwa karibu na asilimia 8. Sasa tunaambiwa asilimia 20 ifikapo 2030.

Kuna msaada mmoja usiohitaji msamaha wowote wa kodi: serikali inunue, na ilipe kwa wakati. Sare za askari, shuka za hospitali, nguo za wafanyakazi wa kaunti, vyote vinaweza kushonwa hapa hapa. Sera ya Nunua Kenya Jenga Kenya ipo tangu 2017. Fundi mwenye cherehani chache akipata tenda ya kaunti kisha akakaa mwaka hajalipwa, tenda hiyo ndiyo inayomfunga. Madeni ya wazabuni yamefilisi watu wengi katika nchi hii, na hayo hayahitaji kusubiri Marekani iamue jambo.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya Dongo Kundu. Upande ule wa Likoni kunajengwa eneo maalum la kiuchumi, na sheria ya 2015 inawapa wawekezaji wake kodi ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, na asilimia 15 kwa 10 inayofuata. Nawaomba waheshimiwa wabunge wetu na wawakilishi wa wadi wadai orodha kabla lango la kwanza halijafunguliwa: nani amepewa ardhi, kwa muda gani, ameahidi kazi ngapi za kudumu, na akishindwa atarudisha nini. Ibandikwe kwenye ofisi ya chifu Likoni na kwenye tovuti ya kaunti, kwa Kiswahili, pamoja na jina la afisa wa kuulizwa.

Msomaji wako,
Mikindani, Mombasa