Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: sio mafuta yamerudi, ni ukuta umenenepa

Ndugu wanachama, habari za mwaka mzima.

Naanza na kosa langu kabisa, lisije likaletwa kwenye mengineyo nikaumbuka. Taarifa ya mwaka jana niliandika kwamba mshipa wa moyo uliozibuliwa kwa puto au kuwekewa stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia usizibe, ukiziba tena basi ni mafuta yamerudi, mtu hakujizuia kula. Nikaandika kwa kujiamini kabisa. Sasa kuna mama mmoja kati yetu alisoma ile taarifa akajinyima karibu kila kitu, na bado miezi mitano baada ya kuwekewa stenti kifua kikaanza kumbana tena, akanipigia simu akaniuliza, "Mwenyekiti, mi nimekosa wapi?" Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ndo sehemu kubwa ya taarifa hii, hayo mengine ntayapitia harakaharaka.

Tulikutana mara sita, mkutano mmoja uliahirishwa maana projekta iligoma. Wapya wamejiunga, wawili wametutoka, Mungu awapumzishe. Hesabu mweka hazina kashazituma kwenye grupu, nimezipitia zote ziko sawa, mwenye swali amuulize yeye sio mimi.

Haya, tuje kwenye mshipa. Mkutano wa tatu alikuja daktari wa maabara, wale wanaosoma nyama kwenye hadubini, akatuwekea picha ukutani ya ateri iliyokatwa kama pete. Ateri ya shingo ya panya, wiki mbili baada ya kukwanguliwa ndani kwa puto. Unaona mistari myeusi imejikunja kama mawimbi, hiyo ni elastini, protini inayofanya mshipa uvutike halafu urudi. Kwenye mshipa mzima tundu la damu linaanzia palepale kwenye mstari wa ndani. Kwenye ule uliokwanguliwa, ndani ya mstari kumeota tabaka jingine zima ambalo halikuwepo, tundu limebaki kidogo katikati. Mzee wetu mmoja wa mstari wa mbele akauliza, hayo ndo mafuta yenyewe? Daktari akasema hapana mzee, hizo ni seli za misuli za ukuta wenyewe wa mshipa, zimehama.

Nieleze nilivyoelewa mimi. Puto linapopanuliwa linafungua njia, sawa, lakini linang'oa ule utando laini wa ndani na kuuchana ukuta, na utando ule sio pambo, kila siku unatoa nitriki oksaidi, gesi ambayo inaziambia seli za misuli zitulie. Ukishang'oka kolajeni, zile nyuzi ngumu za ukuta, inabaki wazi, chembe sahani za damu, zile za kugandisha, zinajibandika hapo na kumwaga protini inaitwa PDGF, na wakati huohuo seli za misuli zilizoumia zinavuja protini nyingine, FGF2, ambayo ilikuwa imewekwa humohumo ndani yake. Hiyo FGF2 ndo inayoamsha wenzao: kwa panya ndani ya siku 1 au 2 seli za tabaka la kati zimeanza kugawanyika. PDGF kazi yake kubwa ni kuziita zije upande wa ndani, zinaanza kufika siku ya 4 hivi, na ili zipite zinatoa vimeng'enya, metaloproteinesi, vinavyofyeka njia. Zikifika zinazaana tena, alafu protini nyingine, TGF-beta, inazisukuma zitengeneze kolajeni kwa wingi. Mwisho wa siku kinachojaza tundu sio seli tu, sehemu kubwa ya ule unene ni vitu vilivyomwagwa na hizo seli.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba seli inabadilika tabia. Ya kawaida kazi yake kukaza na kulegea, imejaa protini za kujivuta. Ikipata hizo amri inaziacha na kuanza kujenga. Yaani mlinzi kaacha lindo kaenda kuchanganya zege.

Watu walijuaje nani anafanya nini? Mwaka 1991 watafiti waliwapa panya kingamwili za kuzuia FGF2, ugawanyikaji wa mwanzo ukashuka kwa asilimia 80 hivi. Mwaka huohuo wengine wakazuia PDGF, unene ukapungua kama asilimia 40. Mnaona hakuna hata moja iliyofika mia, protini moja ukiifunga nyingine inaendelea. Na panya sio mtu: dawa za kuzuia angiotensini, homoni inayobana mishipa, ziliwasaidia panya vizuri sana, zilipojaribiwa kwa wagonjwa, majibu yakatoka 1992, hamna kitu, mishipa ilijibana vilevile.

Ndo maana enzi za puto peke yake, tangu Andreas Grüntzig alipofanya la kwanza la moyo Zurich mwaka 1977, theluthi ya watu au zaidi mshipa ulikuwa unabana tena ndani ya miezi sita hivi. Stenti ya chuma ikapunguza, haikumaliza, maana chuma nacho kinaukera ukuta. Kilichosaidia kweli ni kuacha kufukuzana na protini moja moja na kwenda kwenye swichi iliyo ndani ya seli. Sirolimasi, dawa iliyotokana na bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, inazuia protini ya mTOR, basi amri zije kutoka PDGF au kwingine seli haisogei kwenye kugawanyika. Jaribio la RAVEL la 2002 liliwapima watu baada ya miezi sita, waliowekewa stenti yenye dawa hiyo hakuna hata mmoja aliyebana tena, wa stenti tupu karibu asilimia 27. Baadaye kwenye watu wengi zaidi sifuri haikubaki sifuri, lakini tofauti ipo. Yule mama wa simu, stenti yake ilikuwa tupu, haina dawa.

Hapa naomba msome taratibu. Dawa ile haichagui, inauchelewesha pia ule utando laini kuota upya, kwa hiyo chuma kinakaa wazi muda mrefu na damu inaweza kugandia pale ghafla. Kwa hiyo ile aspirini na mwenzake, dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, mliyoandikiwa, usiache kwa kuwa unajisikia mzima, wala kwa kuwa unaenda kung'oa jino, muulize kwanza daktari wa moyo. Wawili wetu waliacha wenyewe mwaka huu, nimewasema faragha, hapa siwataji.

Na sijasema mle hovyo. Mafuta yanajenga ugonjwa kwenye mishipa mingine, na miaka ikipita hata ndani ya stenti yenyewe, na wenye sukari ndo wanaobana tena zaidi. Nilichofuta ni ile lawama niliyomtwika mama wa watu.

Mkutano ujao kila mtu aje na kadi ya stenti yake, ile yenye aina na tarehe, katibu ataziandika kwenye daftari ili ukiugua ghafla wa nyumbani wasianze kuhangaika. Ya kwangu nimeikuta juzi kwenye mfuko wa koti la zamani, imefuliwa pamoja na koti, tarehe inasomeka, aina haisomeki.