Uliza tarehe, usiulize mpango

Rafiki yangu,

Ningeanza kwa "Mheshimiwa" kama inavyotakiwa sasa, ila nikikumbuka ulivyokuwa ukisinzia dawati la nyuma kwenye kipindi cha uraia, kalamu inakataa. Nisamehe. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unalalamika kwamba tangu uapishwe umepewa kipaza sauti mara moja tu, dakika tatu, na mbili ukazimaliza kwa kushukuru. Hilo lisikunyime usingizi. Wapo waliokisubiri kipaza sauti miaka mitano, wakakipata, na hakuna anayekumbuka walisema nini. Mimi nataka tuzungumze juu ya kitu kisichohitaji sauti hata kidogo, nacho ni swali la maandishi, lile mbunge analompelekea waziri kwa karatasi na kujibiwa kwa karatasi.

Unajua nilikaa wizarani miaka tisa. Nisichowahi kukuambia ni kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa naandika majibu ya wabunge. Watu hudhani waziri hukaa akalitafakari swali, akachukua kalamu akajibu. Wapi! Swali hutoka Bungeni, likapita kwa Katibu Mkuu, likashuka idarani, likashuka kwenye kitengo, mpaka likatua mezani kwangu na dokezo la maneno manne: "Andaa jibu, kesho asubuhi." Kisha rasimu yangu ilipanda ngazi zile zile, na kila ngazi ikaling'oa neno moja lenye uhai. Kwa hiyo huyu anayekuandikia alikuwa golini, na anajua ni mipira gani ilimpita.

Swali lililotufurahisha kuliko yote lilianza hivi: "Je, Serikali ina mpango gani wa..." Likifika hilo tulipumua, mwenzangu akaenda kunywa chai. Mpango upo siku zote. Hata pale ambapo hapana fedha, hapana mtaalamu, hapana hata barua moja kwenye jalada, mpango haukosekani. Jibu lake niliweza kuliandika huku nikizungumza na simu: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, upembuzi yakinifu unaendelea, na kazi itaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mle ndani hamna uongo hata mmoja. Hamna kitu chochote pia. Na mbunge akasimama kumshukuru Waziri kwa majibu mazuri.

Sasa nikusimulie lililotutoa jasho. Mbunge mmoja mkimya, tena wa chama kinachotawala, alileta swali la mistari minne kuhusu jengo moja. Mkataba ulisainiwa tarehe ipi? Mkandarasi alikuwa amelipwa kiasi gani hadi siku ya mwisho ya mwaka wa fedha? Malipo ya mwisho yaliidhinishwa kwa cheti namba ngapi, na afisa wa cheo gani aliyekitia saini? Basi. Hakulalamika, hakutaja wananchi wake wanavyoteseka, hakumtuhumu mtu.

Nilikwenda kwa mhasibu. Mhasibu akanielekeza kwa watu wa ununuzi. Watu wa ununuzi wakasema jalada liko kwa mwanasheria, mwanasheria akaapa alilirudisha masijala, na masijala wakanitolea jalada jingine lenye namba ile ile. Siku tatu nilizunguka. Mwishowe tukagundua kwamba tangu mradi uanze hakuna mtu aliyewahi kuziweka karatasi zote mahali pamoja, na kwamba cheti kimoja kilikuwa kimelipwa kabla ya mkaguzi wa kazi kufika kwenye eneo. Mkurugenzi ambaye kwa miezi alikuwa akikwepa kuitisha kikao, alikiitisha siku ile ile saa kumi na moja jioni. Jibu lililotoka lilikuwa fupi na kavu, gazeti gani lingelichapa? Lakini malipo yaliyofuata yalisimamishwa. Lile swali lilifanya kazi yake kabla halijajibiwa. Hilo ndilo wabunge wengi hawalioni, kwa sababu wanatazama jibu, ilhali ndani ya wizara kinachotisha ni swali lenyewe. Lina tarehe ya mwisho, litaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, likiwa na jina la waziri, na mtu fulani lazima aweke saini kwamba alichoandika ni kweli.

Nilipoacha kazi nikaanza kusoma historia ya maswali ya Bunge, na nikacheka peke yangu. Swali la kwanza lililoandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge la Uingereza ni la mwaka 1721. Earl Cowper aliuliza, katika House of Lords, baraza la juu la Bunge hilo, kama ni kweli kwamba mweka hazina wa kampuni ya South Sea, aliyekuwa ametoroka baada ya kampuni ile kuporomoka, alikuwa amekamatwa. Umeona? Ni kweli, au si kweli. Hakuuliza Serikali ina mpango gani wa kukabiliana na waweka hazina watoro.

Maswali ya maandishi yenyewe yalikuja baadaye sana kule, mwaka 1902, wakati wa mabadiliko ya kanuni za Bunge yaliyoletwa na Arthur Balfour, aliyekuwa akiongoza shughuli za Serikali Bungeni. Maswali ya mdomo yalikuwa yanakula muda wa Bunge, basi ikaamuliwa kwamba swali lisilowekewa alama ya nyota lijibiwe kwa karatasi. Nia ilikuwa kupunguza kelele. India nao wanatumia nyota mpaka leo: katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge lao, siku moja ya kikao huwa na maswali 20 ya nyota, yanayojibiwa kwa mdomo, na 230 yasiyo na nyota. Mwaka 2020, wakati wa korona, saa ya maswali ya mdomo ilifutwa kwa kikao kizima, ila yale ya maandishi yakaendelea kujibiwa. Karatasi haiambukizwi.

Ukipata nafasi, kaa na Kanuni za Bunge lenu jioni nzima kabla hujaandika chochote. Kila Bunge lina mipaka yake. Ufaransa, mbunge hapewi zaidi ya maswali 52 ya maandishi kwa mwaka, na waziri ana miezi miwili ya kujibu. Bunge la Ulaya linamruhusu mbunge 20 kwa miezi mitatu. Kanada wana utaratibu ninaoupenda zaidi: unaweza kudai jibu ndani ya siku 45, na zikipita bila jibu, kule kushindwa kujibu kunapelekwa kwenye kamati kuwa suala lenyewe. Wewe angalia yako yanasemaje, hasa nini kinatokea waziri akichelewa. Kama hakuna kinachotokea, hapo ndipo pa kuanzia kelele zako.

Na achana na wale wanaohesabu maswali, kwamba fulani kauliza 300 kwa hiyo ni mchapakazi. Nimeyasoma hayo 300. Mengi ni "mpango gani".

Sasa mbinu zetu za kukwepa. Nakupa kwa moyo mweupe, ingawa wenzangu wa zamani watanilaani. Ya kwanza ni "takwimu hizo hazihifadhiwi katika mfumo ulioombwa". Mbunge akisoma hapo huona mlango umefungwa. Mlango uko wazi! Uliza tena: zinahifadhiwa katika mfumo gani? Hatukuwa na jibu la kukwepea hilo. Ya pili ni gharama, kwamba kukusanya taarifa hizo kutaigharimu Serikali kupita kiasi. Uingereza wameweka hata kiwango: jibu ambalo kuliandaa kutazidi paundi 850, wizara inaruhusiwa kukataa. Dawa yake ni kuukata mkate. Uliza mwaka mmoja badala ya kumi, mkoa mmoja badala ya nchi nzima. Ukipata kipande kimoja wamekiri kwamba mkate upo. Ya tatu, "rejea jibu nililolitoa tarehe fulani", nawe ukirejea unakuta lile nalo linakurejesha nyuma zaidi. Kuna na ile ya "suala liko mahakamani", ambayo mara nyingine ni kweli kabisa na ni haki, mara nyingine kesi iliyoko mahakamani inahusu uzio na wewe umeuliza paa.

Lakini mbinu kubwa kuliko zote haina jina. Ni kujibu swali kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Ukiuliza "je, Waziri amekutana na kampuni hiyo", naye aliyekutana nayo ni Naibu Waziri, jibu ni hapana. Ukiuliza "mwaka huu", na ilikuwa Desemba ya mwaka jana, jibu ni hapana. Nilikuwa fundi wa hapo, nasema kwa aibu. Ndiyo maana ukimaliza kuandika, lisome swali lako kama adui: naponyokea wapi?

Usidhani hilo ni jambo dogo la ofisini. Ireland iliunda tume ya uchunguzi kuhusu biashara ya nyama ya ng'ombe, ikafanya kazi kuanzia 1991 hadi 1994. Jaji Liam Hamilton aliyeiongoza alisema wazi kwamba kama maswali yaliyoulizwa Bungeni yangejibiwa kama yalivyojibiwa mbele yake, tume isingehitajika, na fedha na muda mwingi vingeokolewa. Uingereza nako, mbunge wa upinzani Tam Dalyell aliing'ang'ania serikali ya Waziri Mkuu Thatcher kwa maswali kuhusu Waingereza kuizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982. Meli ilikuwa inaelekea wapi? Ilionekana lini kwanza? Ni maswali ya tarehe na dira tu. Ndani ya wizara ya ulinzi afisa mmoja, Clive Ponting, alikuwa anashughulikia majibu hayo, akaona Bunge linapotoshwa, akampelekea Dalyell nyaraka. Alishtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na Februari 1985 wazee wa baraza wakamwachia huru. Namfikiria sana mtu yule. Mimi nilikuwa kwenye kiti kama chake, kwa mambo madogo zaidi, na sikupeleka karatasi yoyote popote.

Jambo jingine nakuonya mapema, kwa sababu litakujia na tabasamu. Atakuja mtu na swali lililokwisha chapwa, zuri, lina takwimu, atakwambia anakusaidia kazi. Muulize ana maslahi gani. Mwaka 1994 Uingereza ilitikisika kwa wabunge waliodaiwa kupokea fedha ili waulize maswali, na India Desemba 2005 iliwafukuza wabunge 11 kwa kosa hilo baada ya waandishi kuwanasa kwa kamera za siri. Swali likiwa na nguvu hii ninayokueleza, lazima litapata wanunuzi.

Na jibu likishafika? Hapo wengi huliweka kwenye faili wakasahau. Waziri akiandika "kazi itakamilika ifikapo Machi", hiyo ni ahadi mbele ya Bunge. India wana kamati kwa shughuli hiyo peke yake, tangu 1953. Inachambua majibu ya mawaziri, inaokota kila "tutaangalia" na "taarifa inakusanywa", halafu inadai itekelezwe ndani ya miezi mitatu. Kenya wana Kamati ya Utekelezaji inayofuatilia ahadi za Serikali pamoja na maazimio ya Bunge. Kama kwenu hakuna, nunua daftari. Upande mmoja andika ahadi, upande wa pili tarehe, na tarehe ikipita tu peleka swali jipya linaloanza kwa kutaja jibu la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ndiyo zaidi. Tulimwogopa mbunge mwenye daftari kuliko mwenye mdomo.

Nimelifikia lile swali ulilonitumia. Umeandika: "Je, Serikali ina mpango gani wa kumaliza tatizo sugu la uhaba wa dawa katika hospitali ya wilaya?" Rafiki yangu, hapo umempa kipa mpira mkononi. Nimelifuta lote, na badala yake nimeandika hivi, urekebishe upendavyo:

"Je, katika mwaka wa fedha uliopita, (a) ni kiasi gani cha fedha kiliidhinishwa kwa ajili ya dawa za hospitali ya wilaya; (b) ni kiasi gani kilipokelewa hospitalini, na katika tarehe zipi; (c) ni dawa zipi ziliombwa na hazikuletwa, na kila ombi lilipokelewa na ofisi ipi, tarehe ipi?"

Usiongeze "kwa nini". Najua mkono utakuwasha. Hiyo iweke kwa swali la pili, ukishaona pengo kati ya (a) na (b). Na kabla hujalipeleka kwa makatibu wa Bunge, mwulize mfamasia wa pale kama hospitali hununua dawa nyingine kwa makusanyo yake yenyewe. Kama ndivyo, ongeza kipengele cha (d), la sivyo mtu aliyekalia kiti changu ataponyokea hapo.

Wasalimie wote nyumbani. Jibu likifika nitumie nakala, hata kama ni mstari mmoja.

Wako wa dawati la nyuma.