Kwa Furaha, kuhusu mashine ya Papa

Bukavu, Jumapili jioni

Furaha ndugu yangu,

Barua yako imenifikia, na habari za kiharusi kilichompata Papa, baba yenu, zimenigusa sana. Tumshukuru Mungu kwamba maneno yanamtoka vizuri na anawatambua wote, maana wengi hawapati bahati hiyo. Umeniuliza kama mashine ya kutembelea, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, itamrudishia usawa wa mwili, yaani asimame na kutembea bila kuyumba. Najua ndugu zako wanasubiri uamuzi, basi nakujibu moja kwa moja: ile mliyoiona dukani msiinunue kwanza. Pesa mnazochanga zipelekeni kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye akisema wakati wa mashine umefika, Papa aipande kituoni anakofanyia kazi kine, naye akiwa pembeni yake.

Usidhani naidharau mashine. Mama yangu imemsaidia mno, na ningependa uelewe imemsaidiaje, ili mtu akija kuwaambia kwamba inarudisha usawa wa mwili mjue kilicho kweli na kilichoongezwa.

Mama naye alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto wa mwili. Alipoanza kutembea tena pale sebuleni, mguu wa kulia ulikuwa unakimbilia mbele haraka haraka ili asikae juu ya ule wa kushoto, na wa kushoto ulifuata kwa kuburutwa, ncha ya kiatu ikisugua sakafu. Kiatu chenyewe bado ninacho. Mbele, penye kidole gumba, kimelika mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana, lakini kisigino hakina hata mkwaruzo. Mtu mwenye kiharusi huukwepa mguu mgonjwa bila hata kujua, na kadiri anavyoukwepa ndivyo unavyozidi kusahau kazi yake.

Juu ya mkanda wa mashine hakuna pa kukwepea. Mkanda unauvuta mguu nyuma, nyonga inanyooka, na mguu ukishapita nyuma ya mwili mwili wenyewe unautaka urudi mbele. Mwendo hauwekwi tena na woga wa mgonjwa. Tena anapiga hatua nyingi sana, mamia, kuliko ambazo angepiga sakafuni kwa muda huohuo, na ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia, na kurudia tena.

Kine wetu, kijana mmoja mtulivu sana wa Bagira, alikuwa anasimama nyuma ya Mama, mkono karibu na mgongo wake bila kumgusa, kisha anafumba macho na kusikiliza miguu. Alikuwa anapima kwa sikio muda kati ya kishindo cha kulia na cha kushoto. Vishindo vikilingana aliongeza mwendo kidogo. Vikianza kuachana aliupunguza. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mashine bila mtu wa namna hii ni chuma tu kinachozunguka.

Na mikono, Furaha! Mikono ina neno kubwa. Mama alizikamata zile nguzo za pembeni kwa nguvu zake zote. Mgonjwa akijitundika hivyo, ni mikono inayomsimamisha. Kiwiliwili na miguu havijifunzi lolote kuhusu kujizuia asiyumbe. Kine alimwachisha polepole: kwanza kiganja kikalegea, halafu vikabaki vidole viwili, halafu mgongo wa mkono unagusa tu chuma. Siku aliyotembea mikono ikiwa imeshuka kando, Mama aliutazama ukuta mbele yake bila kusema neno mpaka mkanda uliposimama. Kisha akamwambia kine, "Iwashe tena."

Sasa upande wa pili, ambao muuzaji hatawaambia. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, waliweka pamoja majaribio 56 ya mashine hizi yenye wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 3,000. Kasi ya kutembea iliongezeka kwa wastani wa sentimita 6 kwa sekunde, pumzi nayo ikaongezeka kidogo, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa tayari wanaweza kutembea. Ambaye hajaanza kutembea, mashine haikumpa nafasi kubwa ya kuja kutembea bila msaada kuliko mazoezi mengine. Papa, kwa jinsi ulivyoandika, anatoka kitandani mpaka mlangoni kwa fimbo huku umemshika kiunoni. Yuko mpakani kabisa. Ndiyo maana nasema kine amwone kwanza, wala si mimi wala wewe wa kuamua.

Kuna uchunguzi mwingine uliotoka Marekani mwaka 2011, wa wagonjwa 408, ambao ulinipa moyo kuliko wote. Wengine walitembezwa juu ya mashine huku sehemu ya uzito wao imebebwa na mikanda iliyoning'inizwa juu. Wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakafanyishwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mwaka ulipotimia tangu kiharusi, 52 kati ya kila 100 walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na kati ya makundi hayo hakukuwa na tofauti. Tena, kwa wale wenye hali ngumu, walioanzishwa mashine mapema, kama miezi 2 baada ya kiharusi, ndio walioanguka mara nyingi zaidi. Hebu wasomee ndugu zako sehemu hii. Mtoto asiye na pesa ya mashine hajamnyima mzazi wake kitu, mradi amempata mtu wa kumfanyisha mazoezi kwa bidii nyumbani.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Mkanda ni bapa, hauna tope, hauna jiwe, haumwiti mtu jina akageuka ghafla. Sisi hapa Bukavu tunaishi juu ya milima, unapajua. Kutoka kwetu kufika soko la Kadutu ni mteremko, mtaro, ngazi za udongo zilizoliwa na mvua, halafu watu wa mizigo wanaokupita wakikusukuma. Mama alipokuwa ameshaanza kwenda vizuri kwenye mashine, barabarani bado alikuwa anaganda. Kupanda aliweza. Kushuka ndiko kulikomshinda, kwa sababu mtu anaposhuka anauachia mwili wote juu ya goti moja, na goti la kushoto lilikuwa halijaaminika. Hata kushuka kwenye mashine kulikuwa na shida yake: mtu anaposimama sakafuni baada ya mkanda anahisi kama ardhi inaendelea kwenda. Kine alikuwa anamkalisha kwanza, kisha anamtembeza koridoni, anamgeuza, anamwendesha kwa ubavu, anamwokotesha ndala chini, anamsimamisha macho yamefumbwa. Kwa macho yangu, zile dakika za koridoni ndizo zilizomrudisha Mama sokoni kwenye vitenge vyake. Mashine ilimpa pumzi na mwendo; koridoni na mteremkoni alipata usawa.

Kuna kipimo kimoja muulize kine wenu, kinaitwa kipimo cha Berg. Kina vitendo 14: kusimama kutoka kitini, kugeuka, kuokota kitu, kusimama kwa mguu mmoja, na mengine ya namna hiyo. Alama za juu ni 56, na mtu akiwa chini ya 45 wengi humhesabu kuwa yuko katika hatari ya kuanguka. Ombeni Papa apimwe sasa na apimwe tena baadaye, muone kama jasho lake linazaa kitu. Mama alizipenda alama zile, alikuwa anawatajia hata majirani.

Mkiamua baadaye kununua, basi nawaomba muangalie mambo mawili matatu. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa wakimbiaji, na mwendo wake wa chini kabisa unaweza kuwa mkubwa kwa Papa. Iwe inaanza taratibu, chini ya kilomita 1 kwa saa. Ile kamba ya usalama inayobanwa kwenye nguo ivaliwe kila mara. Presha ipimwe kabla hajapanda. Na umeme wa huko Lubumbashi unaujua kuliko mimi: ukikatika, mkanda unasimama ghafla na mwili wa mgonjwa unaendelea mbele. Kwa hilo peke yake nisingethubutu kumwacha Papa juu yake bila mtu wa kumdaka.

Kwa sasa, kabla hata hamjampata kine, asikae kutwa kitini. Wekeni kiti kizito mgongo ukigusa ukuta, meza mbele yake, wewe upande wake mgonjwa. Asimame na kukaa polepole, na akiwa amesimama ahamishie uzito kwenye mguu mgonjwa kidogo kidogo. Akichoka apumzike. Akiona kizunguzungu acheni mazoezi, mpime presha. Kaka zako washike zamu, usibebe peke yako. Mgongo wako nao ni wa kutunzwa.

Kine akishamwona niandikie amesemaje, hasa kuhusu goti na kifundo cha mguu, kama kinainuka au kinaning'inia. Kikiwa kinaning'inia kuna kifaa cha kukishikilia kinachovaliwa ndani ya kiatu, na hicho kinaweza kumfaa Papa mapema kuliko mashine. Nitaulizia hapa bei yake na mahali vinapotengenezwa, nikutumie.

Mama anawasalimu nyote. Anasema Papa asiache dawa za presha hata siku akijisikia mzima kabisa.

Ndugu yako,
Neema