Kihispania cha mtoto kabla hamjapanda ndege

Málaga, Hispania, 11 Januari

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo Tanga. Sisi huku hatujambo, ni baridi tu inayotutoa machozi. Nimefurahi mno kusikia viza zimetoka. Sasa umeniuliza kama umtafutie Nasra mwalimu wa Kihispania au umnunulie vitabu vya sarufi. Shoga, hela hiyo nunulia majaketi. Mtoto wa miaka minne hawekwi mbele ya ubao akafundishwa lugha. Anasimuliwa, anachezeshwa, lugha inamwingia bila yeye kujua.

Anza na hadithi anazozijua. Chukua ile ya Sungura kuiba maji kisimani, ambayo bibi yake amemsimulia hadi kaikariri. Mhadithie kwa Kiswahili kama kawaida, ila Sungura akifika kisimani aseme "¡Tengo sed!", nina kiu. Fisi mlinzi aulize "¿Quién es?", nani wewe, naye ajibu "Soy yo", ni mimi. Basi, usiongeze kitu. Baada ya siku kadhaa utaona yeye ndiye anayepiga kelele za Sungura, wewe umeshakuwa Fisi. Hapo mwingizie agua, maji, na miel, asali, kisha tortuga kwa ajili ya yule Kobe anayemnasa mwishoni. Kwa vile kisa anakijua, huna haja ya kumweleza neno lina maana gani, anajionea mwenyewe. Tena mzoeshe namna ya kuanza na kumaliza. Sisi tuna "hadithi, hadithi" na "hadithi njoo". Wao huanza "érase una vez", hapo zamani za kale, na kumalizia "colorín colorado, este cuento se ha acabado", hadithi imekwisha. Siku seño atakapotamka hayo darasani (seño ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita mwalimu wao), Nasra atakaa mkao wa kusikiliza kama wenzake.

Mchezo utakaokufaa kuliko yote ni ludo. Huku wana ndugu yake, parchís, na ni nadra kukuta nyumba isiyo nao. Rangi ni zilezile nne: rojo nyekundu, azul buluu, verde kijani, amarillo njano. Ila kete hutoka kwa 5, si kwa 6, na ukimla mwenzio unapewa hatua 20 za kuendelea. Idi wangu alikuwa anacheza na bibi wa ghorofa ya chini, ajuza wa sheria kali, hataki kete isogezwe kimyakimya. Ukimla, uhesabu kwa sauti kutoka uno hadi veinte, kidole kikigusa kila chumba. Idi akifika doce, kumi na mbili, anakwama, maana kwao namba za 11 hadi 15 kila moja ina jina lake, hakuna cha kumi na moja, kumi na mbili; kuanzia 16 ndiyo wanaunga. Bibi hamsaidii hata kidogo. Anakunja mikono, anamtazama. Mtoto anaangalia kete yake, anaangalia dari, midomo inacheza. Trece, catorce, quince alizipata kwa uchu wa kufika nyumbani, si kwa kukaririshwa.

Mezani hapohapo utampatia na "me toca", zamu yangu, ambayo ataihitaji kila siku kwenye bembea. Mimi sielewi kwa nini watu huwaanzishia watoto majina ya wanyama wa porini. Pundamilia atamtaja kwa nani? Siku ya kwanza shuleni mtoto anahitaji quiero hacer pipí (nataka kukojoa), agua, me duele aquí (naumwa hapa), es mío (ni changu) na ¿jugamos? (tucheze?). Cheza naye shule kwa midoli, na mdoli mmoja abanwe na mkojo katikati ya darasa. Atacheka mpaka aanguke, na sentensi hiyo haitamtoka.

Matamshi yasikutishe. A, e, i, o, u zao ni zetu. Niña unasema "ninya", hola unasema "ola". J ni ile kha aliyoizoea chuo cha Kurani, ingawa watu wa Málaga huilainisha ikawa karibu na h. R nzito ya perro, mbwa, ndiyo kazi, lakini hata watoto wa hapa huchelewa kuipata, kwa hiyo mwache. Akikosea akasema "el casa" badala ya "la casa", nyumba, usimkatize. Mwitikie "sí, la casa", mchezo uendelee. Na mkifika msishangae: hapa s ya mwisho wa neno humezwa, dos, mbili, mtaisikia "do".

Mama mkwe wako akisema lugha nyingi zitamchanganya mtoto, mkumbushe kwa adabu kwamba Nasra ana Kiswahili, ana Kidigo alichopewa na yeye mwenyewe, ana na Kiarabu cha chuoni, na hajaomba uji kwa Kiarabu hata siku moja. Ila mkishafika, Kiswahili kibaki nyumbani. Kuna familia hapa wazazi wanaongea na watoto Kihispania cha kuokoteza, na leo mtoto akipewa simu aongee na babu yake anaishia kutabasamu tu. Katuni za Kihispania muoneshe, lakini kaa naye.

Sasa la haraka. Shule ya watoto wa miaka 3 hadi 6 hapa si ya lazima, ila ya serikali ni bure, na katika jimbo letu la Andalucía maombi ya nafasi hupokelewa Machi, tarehe 1 hadi 31. Nitumie nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Nasra na tarehe ya ndege, nikaulize shule ya mtaani kwetu. Idi naye anasema mje na ludo ya huko, ile ya ubao, anataka bibi wa chini ajue kwamba kwetu kete hutoka kwa sita.

Shoga yako,
Mama Idi