Mama, Jua la Huku Halitui

Hamburg, 18 Agosti 2022

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mfikishie Babu. Natumaini barua hii itawakuta wazima wa afya kama inavyoniacha mimi. Nimeiandika kwa kalamu kwa sababu Babu anapenda barua isomwe kama barua. Kaka ataipokea kwa picha, naye awasomee jioni barazani mkishamaliza kazi.

Ulipopiga simu uliniuliza, "Mtoto wa Lindi analalamikaje joto?" Sikukujibu vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye treni iliyojaa, begi mgongoni, na kila aliyekuwa karibu yangu alikuwa ananisikiliza. Leo nimetulia, nikueleze.

Tarehe 20 Julai kipimo cha hali ya hewa cha Neuwiedenthal, hapa hapa Hamburg, kilifika nyuzi 40.1. Tangu waanze kupima, mji huu ulikuwa haujaandikiwa joto la namna hiyo. Sisi kwetu likifika 33 tunahamia chini ya mwembe, tena upepo wa bahari upo. Lakini Mama, hesabu hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari. Jua la huku halitui. Siku ile lilichomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri, likazama saa tatu na nusu usiku. Magharibi niliisali saa ambayo watoto wako wote ulikuwa umeshawalaza. Ukuta unaopigwa jua zaidi ya saa kumi na sita haupati muda wa kupoa. Alfajiri inafika na joto la jana bado limo ndani, la leo linapandia juu yake.

Na nyumba zenyewe zimejengwa kwa ajili ya baridi. Kuta nene, dirisha lina vioo viwili viwili, paa limeshindiliwa vitu vya kuzuia ubaridi usiingie. Wakati wa theluji nilimshukuru aliyebuni. Wakati wa joto chumba changu, ambacho kiko chini kabisa ya paa, kilikuwa kama tanuri la mkate. Feni dari hakuna. Viyoyozi majumbani ni vya kutafuta. Kwetu nyumba ina matundu juu ya ukuta, hewa inaingia huku inatokea kule. Hapa hewa ikiingia imeingia.

Ghorofa moja chini yangu anaishi bibi mmoja peke yake, mtu wa umri wa Babu. Mchana ule wa tarehe 20 nilipita mlangoni kwake nikaona gazeti la asubuhi bado liko chini. Nikagonga. Alikuja kufungua taratibu sana, uso mwekundu, midomo imekauka, na aliponisalimia alinichanganya na mtu mwingine. Madirisha alikuwa ameyaacha wazi yote, jua linamwagika hadi kitandani, kwa sababu maisha yake yote jua lilikuwa rafiki wa kukaribishwa. Nilifunga madirisha na mapazia kama unavyofanya wewe saa sita mchana mwezi wa Januari. Nikalowesha taulo nikamfunga miguuni, nyingine shingoni. Maji nilimnywesha kidogo kidogo, na chumvi chembe, huku nikipiga simu kwa mwanawe aliye mji mwingine, naye akamwita daktari. Jioni alikuwa anazungumza vizuri. Usiku nilimfungulia madirisha, na nikamwandikia kwenye karatasi kubwa: mchana funga, usiku fungua.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nawaza, kama asingeagiza gazeti, nani angejua? Kwetu mzee asipoonekana barazani hadi saa nne, watu watatu wameshauliza. Hilo ndilo lililonifanya nilalamike kwenye simu, Mama.

Sasa safari. Serikali ya huku imetoa tiketi ya euro 9 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti, kwa sababu maisha yamepanda tangu vita vya Ukraine. Euro 9 ni kama shilingi 21,000. Kwa tiketi hiyo unapanda treni za mikoani, mabasi na treni za mjini nchi nzima, isipokuwa zile treni za kasi. Mwanafunzi kama mimi akikosa safari mwaka huu hataipata tena. Nikafunga begi: kanga mbili (ile yako ya bluu imenifaa kuliko chochote, nailowesha najitanda), chupa ya maji, mkate, nyanya, mayai ya kuchemsha.

Kwa treni ya kasi, Hamburg hadi Berlin haifiki saa mbili. Mimi nilitumia karibu saa tano, nikabadili Schwerin. Kila mwenye tiketi ya 9 alikuwa safarini siku hiyo: baiskeli, mikokoteni ya watoto, mbwa, wazee. Behewa letu kiyoyozi kilikuwa kimezimika na madirisha hayafunguki. Mama mmoja Mturuki alitoa tikiti maji, akalikata kwa kisu kidogo, akagawa behewa zima bila kumuuliza mtu. Nilimkumbuka shangazi.

Katika safari ya namna hii, fedha nyingi inaweza kwenda kwenye maji. Ukinunua chupa ya plastiki unalipa na amana ya senti 25, ukiirudisha chupa kwenye mashine dukani unapewa stakabadhi ya kurudishiwa senti hizo. Lakini maji ya bomba ya huku ni safi, yananyweka hivi hivi, na Berlin wameweka visima vidogo vya kunywea barabarani na kwenye bustani. Nilikuwa najaza chupa yangu kila nilipokuta kimoja, sikununua maji siku nne nzima. Hizo chupa za amana zina habari nyingine: saa nane mchana, jua kali, nimeona wazee wamevaa vizuri kabisa, wanapekua mapipa ya taka kutafuta chupa za senti 25. Watu wenye huruma hawatupi chupa ndani, wanaisimamisha kando ya pipa ili mzee asiingize mkono. Nami nikafanya hivyo hivyo.

Hapo Berlin kuna kitu ambacho kingekufurahisha. Mitaani wana pampu za zamani za chuma, za mkono, kama ile ya kijijini kwa bibi. Ziko kama 2,000. Maji yake si ya kunywa, ziliwekwa kwa ajili ya dharura. Jioni wenyeji wanatoka na ndoo, wanapampu, wanamwagilia miti iliyo mbele ya nyumba zao isife kwa ukame. Nilipokea zamu ya kijana mmoja aliyechoka, nikajaza ndoo sita. Mkono haujasahau.

Tarehe 4 Agosti nilitaka kwenda Potsdam. Alfajiri msitu wa Grunewald ukashika moto. Ndani ya msitu huo polisi wana eneo wanakotunza na kulipulia mabomu ya vita vya pili vya dunia yanayofukuliwa hadi leo, na yakaanza kulipuka yenyewe. Wazimamoto hawakuweza kusogea karibu. Reli na barabara kuu vikafungwa. Basi nikabadili njia, nikaenda kumwona mjusi wetu, yule dinosaria wa Tendaguru.

Babu asogee hapa asikie vizuri.

Babu, nimemwona. Amesimama katika ukumbi mkubwa wa jumba la makumbusho, paa ni la kioo, joto mle ndani kama nje. Urefu wake ni mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Nilikaa chini ya mbavu zake nikatazama juu hadi shingo ikauma. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, huko kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 kwa ujumla, nayo ikabebwa na watu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mizigo ilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa kwetu, na nimefurahi kwamba jina lake halikupotea. Ya wale wapagazi mimi siyajui, isipokuwa ulilonitajia wewe, la baba yako.

Watoto wa Kijerumani walikuwa wanakimbia huku na huku kwa furaha. Sikuwaonea kinyongo. Lakini nasema wazi, inaniuma kwamba wewe uliyezaliwa mwendo wa siku chache kutoka Tendaguru hujamwona, na mwalimu wetu wa darasa la tano alituchorea ubaoni kwa chaki kwa sababu hakuwa na picha. Nataka arudi. Kama ni mzito kurudi, basi warudi hata wenzake wachache walio maghalani, Lindi ijengewe nyumba ya kuwaweka.

Leipzig nilipita haraka. Nilioga kwenye ziwa la Cospuden, ambalo zamani lilikuwa shimo la kuchimba makaa ya mawe, wakalijaza maji. Upande wa Saxony mpakani na Ucheki misitu ilikuwa inawaka wiki ya pili, wakapiga marufuku watu kuingia, kwa hiyo milima ya huko sikuiona.

Kutoka Leipzig hadi Köln ilikuwa treni tano na siku nzima. Hosteli nayo ilikuwa ya vitanda vya deka, watu wanane chumba kimoja, dirisha linafunguka kwa juu tu kama mdomo wa mtu anayesinzia. Nilipewa kitanda cha juu. Saa saba usiku nilishuka nikalala sakafuni juu ya kanga, na asubuhi nikakuta wenzangu watatu nao wameshuka.

Mchana nilijificha kanisani, Mama, usishtuke. Kanisa kuu la Köln lilianza kujengwa 1248 likamalizika 1880, minara yake inafika mita 157, na niliingia bure. Mawe yale yameshika ubaridi wa karne nyingi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, kimya, sikumsumbua aliyekuwa anasali. Ubaridi ule nimewahi kuupata mahali pamoja tu, ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, siku ile ya ziara ya shule, ulipotufungia maandazi. Karibu yangu alikuwa mzee na mkewe na kitabu cha mafumbo. Walikuwa wamekuja na mito yao ya kukalia. Wakaniambia nyumbani kwao hakukaliki, wanakuja kila siku hadi jua lipungue.

Babu, wewe uliyekuwa nahodha utaniuliza juu ya mto. Mto Rhine umekauka kiasi cha kutia hofu. Kipimo cha Kaub, ambako njia ya meli ni finyu, kimeshuka chini ya sentimita 40. Hicho si kina chenyewe, kina huwa ni zaidi, lakini mabaharia wanakitazama hicho kujua wapakie kiasi gani. Meli zinapita na shehena ndogo, zinaelea juu utadhani ni tupu. Ufukweni changarawe zimetokeza, watu wanatembea mahali palipokuwa maji. Kuogelea sikujaribu, hata yakiwa yamepungua, yale ni maji ya mkondo na kila msimu yanachukua watu.

Jana nimerudi Hamburg. Kabla ya kupanda kwangu niliteremsha begi mlangoni kwa bibi nikagonga. Mapazia yalikuwa yamefungwa, karatasi yangu bado imebandikwa kwenye jokofu, na ndoo ya kuwekea miguu ipo kando ya kiti. Alinipa mfuko wa zambarau za huku, tamu kweli, akauliza habari zako. Anakusalimu. Nimempa namba yangu na ya jirani wa chini, na tumekubaliana kila asubuhi akifungua pazia la jikoni jirani ajue ameamka.

Sweta usitume, subiri Oktoba. Hela niliyobakiza ni ya kutosha.

Na Babu, hadithi nnayokudai ni hii. Walipobeba ile mifupa, walitembea mchana au walisubiri jua lipoe? Walilala wapi njiani, na maji waliyapata kwa nani? Kaka akurekodi kwenye simu, pole pole, usirukie. Nitapiga Ijumaa baada ya swala.

Wasalaam,

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako