Barua kwa mwanangu Somoe, kabla ya Jumamosi

Mwanangu Somoe,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikajua nimesikia vibaya. Kumbe kweli, Jumamosi unaenda kumchukua huyo mbwa pitibuli wa bosi wenu anayehama, wakati mbwa wenu Bobi yupo na Nasra ndio kwanza miaka mitatu. Mamako kasema nisikupigie maana tukipigiana tunaishia kugombana, bora niandike. Haya naandika, simu yenyewe ya mdogo wako na kila dakika anaidai.

Nijibu hili kwanza. Mchana wewe uko kazini, baba Nasra yuko bandarini, hao mbwa wawili wanabaki na nani? Usinieleze kibanda na mnyororo mpya, nimesikia. Nauliza wanabaki na nani.

Picha nimeiona. Mbwa mzuri, kifua kama gunia la korosho, na sisemi ni mbaya. Kijana wa duka la vocha hapa Mtama kanisomea kwenye simu yake, anasema asili yao Uingereza, walizalishwa kwa ajili ya kushindanishwa na mafahali, ilipofika 1835 serikali ikakataza huo mchezo basi watu wakajificha wakawa wanawagombanisha mbwa kwa mbwa, vizazi na vizazi. Na huko huko Uingereza tangu 1991 kumfuga ni marufuku mpaka upewe ruhusa maalum. Kwa hiyo anaweza kuwa mpole kabisa kwako, analala miguuni, Nasra anamvuta masikio, ila akiona mbwa mwenzie ndio damu inakumbuka. Sio kosa lake. Na umesema dume, na Bobi dume, na Bobi mzee anajiona mwenye nyumba. Angekuwa jike ningeandika barua fupi.

Bobi unamjua, anabweka mpaka anachoka kabla hajafanya lolote. Usidhani wote wako hivo. Mwingine haungurumi. Utaona tu kafunga mdomo, mwili umekaza, kamkazia macho mwenzie hapepesi, na mkia unatikisika ila juu, mgumu kama fimbo. Watu wakiona mkia wanasema anafurahi! Ukiona hivo usipige kelele, muite kwa jina, mvute kwa kamba muondoke.

Nikikwambia usimchukue hutanisikia, kichwa hicho umekirithi na najua kwa nani. Basi fanya hivi. Usimpeleke nyumbani moja kwa moja. Wakutanishe pale mchangani Shangani asubuhi maji yakitoka, kabla watu hawajajaa, wewe na Bobi, baba Nasra na huyo mgeni, mtembee upande mmoja mkiachana hatua kama ishirini, msiwasogeze pua kwa pua. Kesho yake tena, na tena. Nyumbani kila mmoja na upande wake, mlango katikati, wanusane kwa chini ya mlango wiki mbili tatu, hata mwezi, haraka ya nini. Na bwana mifugo akwambie habari ya kumhasi, inasaidia japo sio dawa ya kila kitu.

Chakula mbali mbali. Mbali kabisa, huyu uani huyu mbele, na masufuria yaondolewe wakimaliza. Mfupa usiachwe chini hata mmoja. Habari ya kovu la mkono wako sirudii, unaijua kuliko mimi. Ila miaka yote tumesema hapa nyumbani kwamba ulikuwa mtundu, ulichokoza mbwa wakila. Lile sufuria moja niliwawekea mimi wote wawili halafu nikaenda baoni. Mamako hajui mpaka leo, na sijui kwa nini nimeliandika, mdogo wako usisome.

Wakishikana usitie mkono katikati. Usitie. Ndoo ya maji, au mmoja amshike huyu miguu ya nyuma mwingine amshike yule, mvute kinyumenyume kwa pamoja. Kwa pamoja maana yake watu wakubwa wawili. Ndio nauliza tena, mchana yupo nani? Huyo dada anayemuangalia Nasra hata Bobi anamuogopa, anamrushia ugali dirishani, wewe mwenyewe ulinihadithia ukicheka. Kama hakuna mtu mzima, mmoja afungiwe ndani ya banda lenye kitasa na mwingine awe nje, na Nasra asiwe na yeyote kati yao. Hata dakika ya kwenda gengeni.

Kadi ya chanjo uidai kwa bosi kabla hujashika kamba. Ile kampeni ya chanjo ya mbwa iliyopita huku Lindi na Mtwara kuanzia 2010 tulipanga foleni na mbwa wetu kwa kamba za katani, watu wakatucheka, lakini kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu hakina tiba. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo mkachomwe sindano, msingoje kuona mbwa atabadilika.

Na majirani umewauliza? Hapo ukuta kwa ukuta na bibi wa watu anaswali, mbwa akimlamba ana kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mimi wangu ni wa shamba, bila wao mihogo yote ya nguruwe pori, na dini imeruhusu wa shamba na wa ulinzi. Wa kupiga nae picha sijui. Haya, hilo lako.

Nakiri nilifurahi kusikia bosi kati ya watu wote pale kazini kakuchagua wewe. Alijua hutamtupa mbwa wake barabarani. Ila kuchaguliwa sio lazima ukubali, ungemuuliza na mwenzio mwenye uwanja mkubwa asiye na mbwa. Na jamaa anakula huyo, sio pumba na makichwa ya dagaa kama Bobi, umepiga hesabu? Ada ya mdogo wako ya muhula huu bado nusu, sikudai, nakukumbusha tu.

Huku tuko salama. Salfa tumepata kidogo, nimepuliza mikorosho ya bondeni tu, ya juu nasubiri. Bati la jiko bado linapiga kelele usiku upepo ukija. Presha ya mamako imeshuka lakini chumvi haachi, mwambie wewe, mimi hanisikii.

Ming'oko, viazi vyetu vya porini, nimempa konda wa basi la asubuhi, mfuko wa bluu, mkapokee stendi kesho saa tano. Chemsha siku hiyo hiyo. Na Jumamosi kabla hujatoka kwenda kwa bosi nitumie meseji, jina tu la mtu atakayekuwa anashinda nyumbani.

Babako